Mguu Itakatwa

Namwandikia mtu ambaye sasa hivi amelala mahali na mfupa uliovunjika, na ameletewa karatasi aweke sahihi. Kama si wewe, soma tu, huenda siku moja ukamsomea mwingine. Sina elimu ya udaktari. Nilicho nacho ni mguu wa kulia uliopungua urefu wa vidole vitatu, na ulimi ambao nimejifunza kuuchunga nikiwa nimechelewa.

Mimi ni katekista. Hapa Kakuma wananiita Mwalimu, wenyeji na wakimbizi pia. Kwa miaka mingi nimetafsiri mahubiri kutoka Kiswahili kwenda Kiturkana na kuwafundisha watu sala. Kiswahili nilifundishwa Lokitaung na mwalimu mmoja aliyetoka pwani, mtu asiyevumilia kosa. Nilirithi ukali wake. Mtu akiniambia "kiti yangu" nilimjibu "kiti changu" kabla hata sijamsalimu. Wengine waliniona nawasaidia. Nadhani wengi walinyamaza tu nikifika, na mimi nikadhani ni heshima.

Kitu kingine nilichokijua vizuri kilikuwa kukimbia. Nilianza mbio ndefu shuleni na sikuacha. Wenzangu wa rika walipoanza kuketi siku nzima juu ya ekicholong, kile kigoda chetu kinachogeuka mto wa kulalia, mimi nilikuwa bado nashindana Lodwar na hata Eldoret katika kundi la wazee. Kila alfajiri, kabla jua halijakasirika, nilitoka kanisani nikafuata ukingo wa mto Tarach hadi barabara ya Kalobeyei, kisha nikarudi. Sikuwa na saa. Nilikimbia na rozari mkononi, na njia yangu niliipima kwa sala. Kumi la kwanza la Salamu Maria liliishia kwenye kisima cha pampu, la pili kwenye kituo cha mgawo wa chakula. La tano lilinikuta barabarani, nikageuka. Nilimshukuru Mungu kwa mapafu na magoti yangu, na sikufikiri kwamba kulikuwa na kiburi ndani ya shukrani ile.

Mvua za mwaka ule ziliula ukingo wa mto. Nilipita pale nilipopita kila siku, udongo ukafunguka chini yangu. Sauti ya mfupa niliisikia kabla ya maumivu. Nilipotazama, ugoko ulikuwa umepinda mahali pasipopinda, na kwenye ngozi palikuwa na tundu dogo kama punje ya maharagwe, linatoka damu. Wanawake wawili wa Sudan Kusini waliokuwa wakitafuta kuni walishuka kunifuata. Mmoja alifungua leso yake kiunoni akaufunga mguu wangu kwa fimbo. Alirudia neno moja tu, "Malesh, baba, malesh," maana yake pole, mpaka mwenzake aliporudi na pikipiki. Sikuwahi kumwona tena. Leso yake ninayo bado.

Pale Kakuma nilipelekwa kwenye kituo ambacho sitakitaja, kwa sababu hakikunikosea. Nesi aliyenipokea alikuwa mtu wa Kitale aliyekaa Turkana miaka kadhaa. Alinisafisha tundu, akanipa sindano, akanifunga ubao. Mke wangu, Mama Akai, alifika anahema, mikono bado ina unga. Nesi akatuambia wote wawili.

"Pole sana Mwalimu. Mifupa zote mbili zimeenda. Leo tunakupeleka Lodwar. Mguu itakatwa huko kesho ama kesho kutwa, alafu utakaa wadi kidogo."

Nilikuwa kwenye machela, jasho linanitoka. Na hiki ndicho nilichosema.

"Utakatwa. Mguu utakatwa, sista, si itakatwa."

Alitabasamu. "Haya Mwalimu. Utakatwa."

Ndivyo nilivyojisomea hukumu yangu mwenyewe kwa sarufi safi. Maneno yalikuwa yameshatoka kinywani ndipo maana yake iliponifikia. Niliona mguu wangu ndani ya ndoo. Niliona njia ya Tarach bila mimi.

"Hapana," nikasema. "Haukatwi."

"Mwalimu, bila kukatwa hii haiwezi kukaa sawa. Na hiyo kidonda ni mbaya, itaingia uchafu."

"Nimesema haukatwi."

Mama Akai akanishika bega. "Baba Akai, kubali. Wakate, upone, turudi nyumbani."

Sasa nitakuambia jambo ambalo kila mtu wa Turkana anayesoma hapa ameshalielewa. Huku kwetu mtu akifanyiwa upasuaji tunasema amekatwa. Mama aliyejifungua kwa kisu amekatwa tumbo. Mzee aliyetolewa uvimbe amekatwa shingo, na anatembea sokoni na shingo yake. Neno hilo nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote, na kila mara nililisahihisha: si kukatwa, ni kupasuliwa, kinachokatwa huondoka. Siku ile, nikiwa na hofu na maumivu, nililisikia kama nilivyolifundisha. Yule nesi alikuwa ameinamisha ulimi wake uwe kama wetu ili tumwelewe, na akamkuta mtu mmoja katika mji mzima ambaye hangemwelewa.

Nikamgeukia mke wangu mbele ya nesi. "Wewe ndiye wa kusema wakate? Unataka mume wa magongo?"

Aliondoa mkono wake begani pangu.

Nililetewa fomu ya kukataa matibabu. Niliiwekea sahihi kwa mwandiko mzuri. Nikapewa na barua ya kupeleka Lodwar kama ningebadili nia, imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo sikupata kuisoma ipasavyo. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Ningeweza kumwomba mtu yeyote anisomee. Sikutaka Mwalimu aonekane akisomewa.

Mdogo wangu, Lopeyok, alikuja na gari kutoka Lokori anakofanya biashara ya mbuzi. Alipoambiwa alitema mate. "Mguu ya mtu wa mbio haikatwi kama ya mbuzi ya Krismasi," akasema. "Kwetu iko mzee wa mifupa. Twende." Njia ya kwenda Lokori inapita Lodwar. Tulisimama pale kununua maji, karibu kabisa na hospitali, nikaliona geti. Lopeyok alininunulia na soda. Nilikunywa nikitazama geti lile kama mtu anayetazama jela aliyoikwepa, na tukaendelea na safari.

Mzee wa mifupa alikuwa mtu mwema mwenye vidole vya ajabu. Aliunyoosha mguu kwa kuupapasa tu, akaufunga kwa vijiti na ngozi mbichi ya mbuzi ambayo ilikaza kadiri ilivyokauka. Nimewaona watu aliowaponya, wanachunga hadi leo. Lakini alipoliona lile tundu alisema, "Hii mlango nilikuta wazi. Mimi sijui kufunga mlango." Hata yeye aliniambia. Hata yeye sikumsikia.

Nilikaa Lokori wiki saba. Akamu, kiangazi chetu kirefu, kilikuwa kimeanza, na upepo ulileta vumbi mpaka ndani ya uji. Mama Akai alikuja akakaa katika nyumba ya mdogo wangu kunihudumia. Nilikuwa nimemkasirikia kwa lile neno "wakate" na sikumficha. Chakula alichopika yeye nilikirudisha, nikala cha shemeji yangu. Alifua vitambaa vya kidonda changu kila siku, akavianika, akanifunga, akaondoka na bakuli lake lililojaa. Katika nyumba ya watu. Mbele ya watu. Jioni nilisali rozari, na makumi yalipita bila kunifikisha popote.

Mguu ulishika, lakini ulishika vibaya. Wayo uligeuka nje kama mtu anayetaka kwenda njia nyingine. Msuli wa nyuma, uliokuwa mgumu kama gogo, uligeuka mfuko mtupu. Tundu halikufunga. Lilitoa usaha, kisha harufu, na kila mchana homa ilikuja saa ileile. Lopeyok alisema ni uchafu unatoka. Binti yetu Akai, anayefundisha shule Kitale, alikuja likizo. Aliingia, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akatoka kwenda kutafuta gari. Hakuniuliza kama nakubali.

Hospitali ile ya Lodwar ina benchi refu la saruji linalopata kivuli mpaka saa nne tu. Baada ya hapo wagonjwa husogea na kivuli, wote pamoja, bila kuambiwa. Tulikaa pale siku mbili tukisubiri daktari wa mifupa. Mbele yetu alikuwa mama mmoja muuza samaki kutoka Kalokol, mnene, mcheshi, aliyewasalimu wote "Ejok" kana kwamba benchi lile ni lake. Alikuja kuangaliwa mshono.

"Mimi nilikatwa hapa Januari," akasema, akijipiga tumbo. "Walitoa kitu kama kichwa ya samaki."

Nikamwambia, kwa mazoea tu, "Ulipasuliwa, mama. Hukukatwa."

"Ndiyo hiyo. Nilikatwa."

"Kukatwa ni kuondolewa. Kama mguu ukikatwa, haupo tena."

Alinitazama, akaangua kicheko mpaka akashika mshono wake. "Sasa tumbo ingekatwa hivyo, mimi ningekuwa nakaa na nini hapa? Mzee, wewe umetoka wapi? Kukatwa ni kukatwa tu. Wanakata, wanashona, unaenda nyumbani kuuza samaki."

Watu wa benchi walicheka naye. Mimi nilihisi baridi, na jua lilikuwa limeshatufikia miguuni.

Mama Akai alikuwa amekaa kushoto kwangu. Hakucheka na hakugeuka.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Najua nini?"

"Kwamba sista alisema kupasuliwa."

"Kila mtu najua," akasema. "Hata mbuzi najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiyo unajua Kiswahili. Mimi nikafikiria umeona kitu kwa hiyo neno, mimi sijaona."

Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Aliuliza kama nilipewa barua, akakifungua kitabu changu cha nyimbo mwenyewe, akaitoa, akaisoma kimya, kisha akanitafsiria polepole. Ilisema mfupa umevunjika na ngozi imetoboka, asafishwe haraka na kuwekewa chuma. "Hakuna mtu aliandika kuondoa mguu, mzee," akasema. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Kisha akaniambia jinsi mambo yalivyokuwa sasa. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekufa. Kuuacha mguu hivyo kulikuwa kuisubiri sumu ipande damuni. Njia ya kwanza ni kuuvunja tena, kutoa mfupa uliokufa, kuushikilia kwa vyuma vinavyotokea nje ya ngozi kwa miezi, halafu upasuaji wa pili wa kujazia mfupa kutoka nyongani. Ungekuwa mfupi, na pengine uchafu ungerudi. Njia ya pili ni kuuondoa chini ya goti na kuvaa mguu wa bandia. Alijua mimi ni mtu wa mbio, kwa hiyo alisema na hili: wapo wanaokimbia kwa mguu wa bandia. Kwa mguu huu wangu, hakuweza kuniahidi hata kutembea bila fimbo.

"Kwa hiyo tutakata, lakini..." akaanza.

Mama Akai alimkatiza. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akimkatiza mtu wa ofisi.

"Daktari, ngoja. Kukata na kushona, ama kukata na kutupa?"

Daktari alimtazama kwa heshima. "Ziko zote mbili, mama. Ya kwanza ni kushona. Ya pili ni kutupa. Mtachagua nyinyi."

Maneno saba katika Kiswahili cha sokoni. Kama ningeyasema mimi pale kwenye machela, ningekuwa nakimbia leo. Nimeyarudia mara nyingi kuliko sala zangu, na nimetubu kwa hilo pia.

Tuliomba siku mbili za kufikiri. Akai alitaka njia ya pili. Alisema, "Baba, mguu huu umekula wiki saba, utakula mwaka." Lopeyok alitaka ya kwanza. Nilipomwambia kwa uchungu kwamba ni yeye aliyenipitisha mbele ya geti, alinijibu bila kupandisha sauti: "Tulisikiliza wewe, kaka. Ni wewe ulisema wanataka kutupa." Nilimwuliza Mama Akai anataka nini. Akasema, "Safari hii sema wewe, mimi nitaosha." Nilichagua kushona. Ningependa kukuandikia kwamba Roho aliniongoza. Nilichagua kwa sababu nilikuwa nimewatesa watu wote hawa kwa ajili ya mguu ule, na niliona haya kuutupa.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa katikati ya kiangazi. Niliamka na vyuma vinne vimetoboa ngozi yangu, vimeungwa kwa ufito kwa nje. Kila siku ilibidi vioshwe pale vinapoingia, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mama Akai alifanya hivyo, wodini na baadaye nyumbani, tundu moja moja. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na Mkongomani kutoka kambini, mwenye redio ndogo. Kila asubuhi aliniuliza, "Papa, umelala muzuri?" nami nilijibu nimelala vizuri. Siku moja alinikata kucha za mguu ule, kwa sababu sikuzifikia na aliona naona aibu kumwomba mke wangu. Alizikata redio ikiimba. Nimepokea komunyo mara nyingi kwa moyo usiotulia kama siku ile.

Uji wa Mama Akai niliunywa tena pale wodini. Alinipa bakuli akasema, "Kunywa, imepoa."

"Umepoa," nikasema, kabla sijajizuia.

Aliutazama ufito, akanitazama mimi. "Bado unafundisha," akasema. Nilimwomba msamaha siku hiyo, kwa Kiturkana, kwa sababu katika Kiswahili ningejisikiliza. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikudai.

Waumini walikuja kuniona. Wengi walisema ni mapenzi ya Mungu. Niliitikia kwa adabu, lakini wewe nitakuambia ukweli. Mungu hakunikataza kuuliza swali. Alinipa nesi, mke, mzee wa mifupa na barua, wote wakasema jambo lilelile, na mimi nilikuwa nasahihisha.

Mvua zilipoanza nilipasuliwa mara ya pili. Walichukua mfupa nyongani, wakaujazia, wakaondoa ufito, wakaweka chuma ndani. Nyonga iliniuma kuliko mguu. Mvua nyingine zilipita nikiwa kwenye magongo mawili, kisha gongo moja, kisha fimbo. Uchafu haujarudi, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi, bila kiburi safari hii, kwa kuwa hakuna cha kujivunia. Kifundo cha mguu kimekuwa kigumu. Kiatu cha kulia kimeongezewa soli na fundi wa kambini.

Nilikwenda kumtafuta yule nesi. Nilipomweleza, alikaa chini. "Mimi nilisema kama nyinyi mnasema," akasema. "Nilitaka unielewe." Nikamwambia alisema sawa. Mbele ya wagonjwa wote nilimwambia alisema sawa.

Kwa hiyo, wewe uliyelala hapo na karatasi mkononi: uliza kama Mama Akai alivyouliza. Kushona au kutupa. Uliza hata kama wewe ndiye unayefundisha wengine lugha. Barua usiyoweza kuisoma mpe mtu yeyote aisome, awe mtoto, awe muuza samaki. Na aliyekuja kukuuguza na unga mikononi, sikiliza anachosema kabla hujasikiliza jinsi anavyokisema.

Mwezi uliopita daktari aliniambia mfupa umekomaa, naweza kuujaribu mguu. Tulitoka alfajiri na Mama Akai, tukafuata Tarach. Alitembea mbele kidogo, kama anakwenda shughuli zake, ili nisione kwamba ananisubiri. Nilianza rozari. Tulipofika mahali palipo tambarare nilimpa fimbo, nikainua kifua kama zamani, nikakimbia. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mguu wa kushoto, na kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu yuleyule. Kisha wa kulia ukagusa chini, kifundo hakikukunjika, nikayumba hadi nikajishika kwenye mti wa miiba. Nilijaribu tena. Mara ya tatu sikujaribu. Kisima cha pampu nilikiona kwa mbele, na kumi la kwanza lilikuwa limeshaniishia mkononi.

Mama Akai alirudi, akanishikisha fimbo. Aliutoa mwiba kiganjani mwangu, akautupa.

"Mguu yako imekataa?" akaniuliza.

"Imekataa," nikamwambia.